UZI: Lushoto mpaka Mtae, mvua kutwa nzima. Njia, tope, watu na mlima wenyewe

Mpanda Vilima (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila masika yakikaribia kuna mtu anauliza: "Lushoto mwezi wa nne panafaa, au nisubiri mwezi wa saba?" Na kila mara anajibiwa asubiri kiangazi. Mimi naona tofauti, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Anayetaka kuijua milima ya Usambara, ambako ndiko Lushoto iliko, aende mvua ikinyesha, tena si manyunyu ya kupita, ile mvua ya kutwa. Ila aende kwa adabu, maana barabara za kule haziringiwi. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na nitayaeleza kwa safari tuliyoifanya masika haya.

Tulikuwa watano: mwalimu, nesi, fundi umeme, mwenzetu anayefanya kazi benki, na mimi. Tunajuana tangu shule. Tuliingia Lushoto Ijumaa jioni kwa basi, tukalala mjini, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukawa ndani ya Land Cruiser ya kukodi, na dereva wake mwenyeji, mzee wa makamo aliyekulia huko huko milimani. Mpango ulikuwa Magamba, Lukozi, Manolo, Sunga, kisha Mtae, na kurudi mjini kabla ya giza. Kutoka Lushoto mjini mpaka Mtae ni kama kilomita 60. Kwa anayetazama ramani akiwa Dar, hizo ni za kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kule mlimani siku ya mvua, hizo ni siku nzima.

Nianze na kupanda kwenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kufika.

Mombo, pale barabara kuu ya kwenda Moshi inapoachana na ya Lushoto, ni joto la kutosha kuvua shati. Reli ya kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1905, na mpaka leo Mombo ina sura ya mji wa njia panda: mabasi, matunda, kelele za makonda. Ukikata kuelekea mlimani, kilomita 33 za lami zinakutoa kwenye mita kama 400 juu ya usawa wa bahari hadi kama 1,400. Mita elfu moja za kupanda kwa kona tupu, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo na mto chini. Nusu ya njia unafika Soni. Siku tuliyopita, maporomoko ya Soni yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ngurumo yake ilisikika ndani ya basi madirisha yakiwa yamefungwa. Abiria wote walinyamaza wakageukia upande ule.

Kiangazi maporomoko hayo ni mazuri, sikatai. Lakini masika ndiyo unaona kazi yake. Yale ni maji yanayotoka juu kwenda kumwagilia mpunga wa skimu ya Mombo, kisha yanaingia mto Mkomazi, na Mkomazi unayapeleka mto Pangani.

Naandika sehemu ya pili. Mwenye swali aulize.

Bint Pangani

Nimeweka mkeka hapa. Endelea kaka, na usituruke mambo ya chakula.

Mzee wa Same

Kijana, umegusa kitu ninachokiona kila mwaka. Sisi huku chini tunaliona wingu limekaa juu ya Usambara wiki nzima, jeusi, halisogei, na kwetu vumbi linaruka. Mkifika Mtae mtanielewa. Tuambie mlionaje kutoka huko juu.

Dereva Mstaafu

Mkuu, na mimi nasoma, lakini niweke neno mapema kabla vijana hawajakodi magari. Nimeendesha njia ya Mombo kwenda juu miaka mingi. Hatari ya kwanza ya mvua kwenye lami ile ni mawe, kabla hata ya utelezi. Mvua ikinyesha usiku, udongo ulioshika mawe kwenye genge la juu unalegea, na asubuhi jiwe linashuka bila taarifa. Ukiona kokoto mpya zimetawanyika barabarani kwenye kona, ujue kubwa linakuja nyuma yake. Pita haraka au simama mbali, usisimame chini yake kupiga picha. Na wakati wa kushuka, gia nzito tangu mwanzo. Anayeshuka Soni kwenda Mombo kwa breki peke yake atazisikia zikinuka kabla hajafika chini.

Mpanda Vilima

Dereva Mstaafu, shikamoo mzee, na asante sana. Hilo la kokoto mpya dereva wetu naye alituonyesha, neno kwa neno.

SEHEMU YA PILI: MAGAMBA

Tulipotoka mjini mvua ilikuwa rasharasha. Tulipoanza kuingia msitu wa Magamba ilishakuwa ya kumwaga, na ukungu umeshuka mpaka barabarani. Dereva akawasha taa, akapunguza mwendo, akafungua kioo chake kidogo. Nikamuuliza mbona anafungua kioo na mvua inaingia. Akasema kwenye ukungu anasikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Fuso likija linasikika kabla halijaonekana.

Magamba ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ukitaka kuingia kutembea unalipia kwa namba ya malipo ya serikali na unapewa mwongozaji. Sisi tuliomba njia fupi tu, kwa sababu ya muda. Mwongozaji alikuja na mabuti ya mvua na panga, akatutazama miguuni mmoja mmoja, kisha akamrudisha mwenzetu wa benki kwenye gari akabadilishe viatu. Alivaa raba za kukimbilia. Kwa bahati dereva alikuwa na jozi ya mabuti ya akiba.

Ndani ya msitu mvua hainyeshi kama nje. Nje inakupiga, ndani inakufikia baadaye, tone moja moja, baada ya kupita kwenye majani ya juu, ya kati na ya chini. Mwongozaji alitusimamisha chini ya mkulo mmoja mnene kiasi kwamba sisi watano tusingeuzunguka kwa mikono, akamwambia mwalimu akamate zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye tawi na kuzikamua. Mwalimu akakamua. Maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kiganja chake kilikuwa kimebeba kitu chepesi kama pamba. Mwongozaji akatwambia hata siku isiyo na mvua, ukungu ukipita, miti na ndevu hizo zinachuma maji hewani na kuyadondosha chini. Kwa hiyo mito haikauki mvua ikikatika, mradi msitu uwepo.

Na hapa ndipo ninapotaka watu waelewe. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unakutana na Usambara, hauna pa kupita ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Hivyo ndivyo milima hii ya Tao la Mashariki, tangu Taita kule Kenya, Upare, Usambara, Nguru, Uluguru mpaka Udzungwa, ilivyoweza kubaki na misitu kwa muda mrefu mno, hata nyakati ambazo nyanda zilizoizunguka zilikauka. Ndiyo maana kuna mimea, vyura na vinyonga ambao hawapatikani kwingine kokote duniani. Kuitembelea milima hii siku ya jua ni vizuri, lakini ni sawa na kumtembelea fundi siku amefunga karakana.

Tulimwona kinyonga mmoja, wa kijani, kwenye kijiti kilichoinama njiani, kwenye usawa wa goti. Mwongozaji ndiye aliyemwona. Sisi wengine tulishampita. Alikuwa na pembe tatu usoni, matone ya mvua yamemkaa mgongoni, na jicho moja linatufuata sisi, jingine linatazama mbele. Nesi wetu ana hofu ya vinyonga tangu utotoni, lakini alichuchumaa kumtazama mpaka tukamwambia muda unakwenda.

Mbega tuliwasikia tu. Ukungu haukuturuhusu kuwaona.

Tarishi wa Bonn

Kaka, unanisisimua nikiwa mbali. Mimi naishi Ujerumani, na hapa kuna ua dogo la zambarau linalowekwa kwenye vyungu madirishani, karibu kila duka la maua linalo. Asili yake ni Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelileta likajulikana Ulaya. Majirani zangu wanalimwagilia kila wiki, na wachache sana wanajua kwamba kwao lilikuwa linaota kwenye miamba yenye kivuli, msituni, likinyweshwa na ukungu. Naomba ukirudi tena uwaulize waongozaji mahali linapoota.

Bint Pangani

Hilo la msitu kuchuma maji hewani nimelisoma mara mbili. Sisi wa Tanga mjini maji yetu yanatoka mto Zigi, na Zigi unatoka Usambara ya Mashariki kule Amani. Mtu anafungua bomba Ngamiani bila kukumbuka kwamba kuna msitu unafanya kazi hiyo.

Mpanda Vilima

Kabisa dada. Na Umba nao unatoka upande wetu huu wa magharibi, unakwenda kumwaga baharini karibu na Vanga, mpakani na Kenya. Mlima mmoja unanywesha watu wasiojuana.

SEHEMU YA TATU: LUKOZI NA TOPE LAKE

Kutoka Magamba nchi inafunguka. Mashamba yamepanda mpaka kwenye mabega ya vilima: kabichi, karoti, viazi, maharage, mistari ya migrevilia mipakani, nyumba za bati na moshi unaopenya kwenye bati na kukaa hapo hapo kwa sababu mvua haiuruhusu kupanda. Watoto wanapita wamekunja mifuko ya salfeti, kona moja imesukumwa ndani ya nyingine mpaka inakuwa kofia ndefu ya kufunika kichwa na mgongo. Fundi wetu alimwomba mtoto mmoja amwonyeshe inavyokunjwa. Mtoto akakunja taratibu, akakunjua, akakunja tena, mpaka fundi akaweza. Siku ile nzima fundi alitembea na salfeti yake, na ndiye peke yake aliyerudi na mgongo mkavu.

Lukozi ndiko kwenye mboga. Mboga nyingi mnazonunua Dar zinatoka kwenye vilima hivi. Tulifika gulio limechangamka pamoja na mvua, akina mama wamefunika karoti kwa turubai, madalali wanapita na simu masikioni. Tulikunywa chai ya tangawizi na maandazi ya moto, tukanunua karoti zilizooshwa, tukaendelea.

Baada ya Lukozi, lami ilipokwisha, ndipo siku ilipobadilika. Udongo wa kule ni mwekundu, wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu unashika kama saruji. Ukilowa unateleza kama umepakwa mlenda. Dereva alishuka, akafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, akaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne. Hakuongea na mtu tena. Alikuwa anasoma barabara: anapita juu ya tuta la katikati, halafu anashuka kwenye alama za waliotangulia, halafu anaziacha, na kila mara kulikuwa na sababu ambayo tuliiona baada ya kupita.

Mbele kidogo tukakuta fuso la kabichi limekaa ubavu kwenye mtaro. Halikupinduka, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli. Nyuma yake magari yamepanga foleni, na genge la juu lilikuwa limemeguka, udongo umefunika nusu ya barabara. Hakuna aliyeita mtu kutoka mbali. Wanaume wa kijiji walishafika na majembe na machepe, wengine wanabeba mawe, wengine wanakata matawi ya mikaratusi. Tukashuka wote. Mimi na mwalimu tukaungana na wabeba mawe, nesi akashika mwavuli juu ya kichwa cha bibi mmoja aliyekuwa anasubiri kupita na mzigo wa kuni, baadaye akamsaidia na kuni zenyewe.

Mwenye kabichi alikuwa pale pale, kijana wa umri wetu. Alikuwa amelala kwenye mzigo tangu jana usiku. Aliniambia kabichi zikilowa na kusongamana zinaanza kuoza kutoka katikati, na sokoni Dar mnunuzi anapasua moja tu. Ile moja ikiwa na doa, bei ya gari zima inaanguka. Alikuwa anasema hayo huku anatoa kabichi za juu na kuzigawa kwa waliokuwa wanachimba. Sisi tulikuja kutazama ukungu. Yeye ada ya shule ya wadogo zake ilikuwa ndani ya lile fuso.

Ilichukua zaidi ya saa moja. Fuso lilipotoka kelele zilizopigwa zilisikika kijiji cha pili.

Mgosi wa Manolo

Mwandishi, mimi ni mzaliwa wa huko na bado nalima huko. Nilianza kusoma uzi huu nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu nimeona wengi wanaandika mvua ya kwetu kama pambo. Mvua kwetu ni chakula na ni hasara kwa wakati mmoja. Umenyoosha ulipofika kwenye fuso, nakushukuru. Mkulima wa huku anapunjwa mara mbili: kwanza anauza kwa lumbesa, gunia limefungwa kilemba juu, pili barabara ikikatika dalali anamwambia bei imeshuka. Mtu wa mjini akipanda masika na akanunua viazi vyake moja kwa moja shambani, kwa kipimo cha haki, ameisaidia familia kuliko picha mia moja.

Sasa niwaongezee jambo ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Siku ya mvua simama mahali penye mashamba mawili jirani kwenye mteremko. Shamba moja lina mistari ya majani ya gwatemala iliyokatisha mlima, jingine halina. Tazama maji yanayotoka chini ya kila moja. Yale ya shamba lenye majani yanatoka pole pole na unaweza kuona kokoto chini yake. Yale ya jingine ni mekundu mazito, na ule wekundu ndio shamba lenyewe linaondoka. Kiangazi mashamba yote mawili utaona yanafanana.

Mpanda Vilima

Kaka Mgosi, karibu sana, na hasira yako ilikuwa ya haki. Tuliliona hilo! Dereva alisimama maalumu karibu na Sunga kutuonyesha. Mitaro miwili inakutana kwenye karavati moja, mmoja umebeba maji meupe, mwingine mekundu, na yanakwenda hatua kadhaa yakiwa bega kwa bega kabla hayajachanganyika. Mwenzetu wa benki, ambaye kazini kwake anapitia maombi ya mikopo ya kilimo, alikaa pale kwenye mvua akitazama kwa muda mrefu. Alisema tangu siku ile atauliza swali jipya kwa kila mwombaji mwenye shamba la mteremko.

SEHEMU YA NNE: MTAE

Tulifika Mtae saa saba mchana. Dereva alishatuambia tangu asubuhi: "Saa nane kamili nageuza gari, hata kama mmebakisha kona moja." Tulikubaliana naye kabla ya kuwasha injini, na nashauri kila kundi lifanye hivyo, kwa sababu ukishafika hutaki kuondoka.

Mtae imejengwa kwenye ukingo. Kijiji kimekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, na mbele yake ardhi inakatika. Tulipofika hatukuona kitu. Mbele palikuwa peupe kabisa, ukungu umesimama. Mama mmoja alituona tumejibanza kwenye kibaraza cha duka, akatuita: "Wanangu, ingieni ndani, mtaugua." Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kila mmoja wetu, tukaingia jikoni kwake. Mafiga matatu, moto wa kuni, chungu cha makande yenye maharage mekundu na viazi ndani yake. Bint Pangani, chakula ulichokiulizia ndicho hiki: makande yaliyochemka tangu alfajiri, yameshika moshi kidogo, na chumvi ya kutosha. Tulikula tukiwa tumezunguka moto, nguo zinatoa mvuke.

Baba mkwe wake, mzee mwenye miaka zaidi ya themanini, alikuwa amekaa pembeni na koti zito. Mwalimu alimuuliza kuhusu mistari ya majani tuliyoiona. Mzee akaanza mbali. Alisema alipokuwa kijana, Waingereza waliwalazimisha watu wachimbe matuta kwenye miteremko, kwa amri na faini. Kazi ilikuwa nzito mno, wengi waliobeba mzigo huo walikuwa wanawake, na watu hawakuona faida. Basi wakagoma. Miaka ile ya 1950 mgomo wa matuta na siasa za kudai uhuru vilikuwa kitu kimoja huku Usambara, mpaka serikali ya kikoloni ikauacha mpango wake. Mzee alikumbuka mikutano, alikumbuka baba yake akirudi usiku. Alisema hawakuukataa udongo wao kulindwa, walikataa kuamrishwa na mtu asiyewauliza.

Wakati anaongea mvua ikapungua, na mtoto akaingia mbio kutuita nje.

Ukungu ulikuwa umefunguka upande wa chini tu. Juu yetu wingu zito, sisi bado tunanyeshewa, na chini kabisa, mbali sana, tambarare ya Mkomazi iko kwenye jua. Njano iliyokauka, vichaka, barabara za vumbi kama nyuzi, na kivuli cha wingu kikitembea juu yake. Milima ya Upare ilionekana kwa mbali, ya bluu. Kilimanjaro, ambayo siku angavu huonekana kutoka hapo, hatukuiona. Mzee wa Same, ndipo nilipokuelewa. Mvua yote imemwagwa upande wa huku juu, upepo unavuka ukingo ukiwa umeshamaliza maji yake, na ninyi chini mnapata kilichobaki. Kutoka pale juu nimeona kwa macho yangu mahali mvua inapokoma.

Saa nane dereva akapiga honi.

Mzee wa Same

Hapo umenigusa, kijana. Sisi tunaliangalia wingu lenu kwa hamu, ninyi mnaliangalia jua letu. Na nyongeza moja: msitu wa juu ukikatwa, wa kwanza kujua ni sisi wa chini, mito midogo inaanza kukauka mwezi wa nane badala ya wa kumi. Wafikishieni salamu hizo watu wa huko.

Mgosi wa Manolo

Mzee, zimefika. Na kuhusu simulizi ya matuta, babu zetu walitusimulia vile vile. Baadaye, miaka ya 1980, ulikuja mradi wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Wajerumani, ukaleta gwatemala na ng'ombe wa kufuga ndani. Watu walikubali kwa sababu majani yale ni chakula cha ng'ombe. Mstari mmoja unazuia udongo na unakupa maziwa na samadi. Hakuna aliyehitaji kulazimishwa.

Dereva Mstaafu

Vipi kurudi? Hapo ndipo pananipa wasiwasi.

Mpanda Vilima

Kurudi kulikuwa kwa polepole, lakini salama. Mvua ilishika tena Sunga, tope likawa jembamba zaidi kwa sababu ya magari yaliyopita mchana. Mahali penye mteremko mrefu dereva alitushusha wote, akateremsha gari likiwa tupu, sisi tukafuata kwa miguu tukishikana mikono pembezoni. Pale palipomeguka asubuhi tulikuta wanakijiji wameshasafisha njia nzima na kuchimba mfereji wa kuyaondoa maji. Tuliwaachia hela ya soda kwa kazi yao. Lukozi tulinunua viazi na karoti moja kwa moja kwa wenye mashamba. Lushoto mjini tuliingia saa moja kasoro, taa ndiyo kwanza zinawashwa.

Ua la Jangwa

Asante kwa uzi huu. Mimi nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa, na mama yangu ana magoti. Tunapanga kwenda wiki ya Pasaka, na huwa ni mvua. Tufanyeje?

Mpanda Vilima

Dada, nendeni, ila Mtae msiijaribu na magoti ya mama na watoto wadogo. Laleni Lushoto mjini. Asubuhi moja panda na watoto Magamba kwa njia fupi, waambie mwongozaji tangu mwanzo kuna watoto. Mama apelekwe kwa gari mpaka Irente, si mbali na mji, akae mahali penye paa na chai, atazame wingu likipanda kutoka chini. Mahali pale wingu lina tabia ya kufunguka na kufunga mara nyingi kwa siku.

Beba sweta hata kama Mombo ilikutoa jasho, koti la mvua badala ya mwavuli, mabuti ya mvua kwa kila mtu (sokoni Lushoto yapo), mfuko usiopitisha maji wa simu, na soksi za kubadilisha zaidi ya unavyodhani. Fedha taslimu ndogo ndogo ni muhimu kwa ajili ya kununua shambani. Gari dogo la mjini libaki kwenye lami. Kwa barabara za udongo tafuta gari la juu na dereva wa huko huko, na ulipie kazi yake bila kupunjana, kwa sababu siku ya mvua unalipia macho yake kuliko injini.

Na jioni kabla ya safari, muulize dereva huyo kuhusu barabara ya kesho. Mvua ikinyesha usiku kucha na akikwambia leo hapana, usimbembeleze. Siku hiyo iwe ya Irente na makande, Mtae mtaiendea nyingine.